Roboti au kamera? Kisa cha wagonjwa 164 wa saratani ya mapafu

Mtu akiambiwa ana saratani ya mapafu, kisha akaambiwa imewahiwa na inaweza kukatwa, anachotaka ni daktari amtazame usoni na kumwambia njia hii ndiyo bora, twende. Wagonjwa wa kisa hiki walikubali kitu tofauti kabisa. Walitia saini kwamba kura ndiyo iamue kama watapasuliwa kwa roboti au kwa kamera na vifaa vinavyoshikwa mkononi, na kwamba wao wenyewe wasiambiwe wameangukia upande upi. Walikuwa Canada, Marekani na Ufaransa. Jaribio lao liliitwa RAVAL, na aliyeliongoza ni daktari bingwa wa upasuaji wa kifua Waël Hanna, wa mji wa Hamilton katika jimbo la Ontario. Matokeo ya mwaka wa kwanza yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Annals of Surgery.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinauliza swali ambalo matangazo ya hospitali huliruka. Matangazo huonyesha mashine na mikono yake minne, hutaja teknolojia ya kisasa, na kuishia hapo. RAVAL iliuliza mgonjwa anapata nini wiki ya tatu, wiki ya kumi na mbili na mwezi wa kumi na mbili, na anayelipa anapata nini kwa fedha yake. Tena iliongozwa kutoka nchi ambako anayelipa ni umma. Mwaka 2017 chombo cha Ontario kinachotathmini huduma za afya kilishauri fedha za umma zisigharimie upasuaji wa roboti kwa saratani ya tezi dume. Katika mazingira hayo, daktari wa kifua anayetaka roboti kwa ajili ya wagonjwa wake hawezi kufika mezani na picha nzuri tu. Lazima aje na ushahidi.

Na ushahidi unahitajika upesi, maana mashine hazisubiri. Roboti inayotumika zaidi duniani, da Vinci ya kampuni ya Intuitive ya California, ilipata idhini ya mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani mwaka 2000. Mwaka 2002 kundi la Franca Melfi wa Pisa, Italia, lilichapisha uzoefu wake wa mwanzo wa kuitumia ndani ya kifua. Kufikia mwisho wa 2024 mashine za da Vinci duniani zilikaribia 9,900, na mwaka huo pekee zilitumika katika upasuaji zaidi ya milioni 2.6 wa kila aina. Uingereza imetangaza kwamba huduma yake ya afya ya umma, iliyofanya upasuaji wa roboti 70,000 katika mwaka wa 2023/24, ifikie 500,000 kwa mwaka ifikapo 2035. Saratani ya mapafu imo katika wimbi hilo, huku majaribio ya kura yanayolinganisha roboti na kamera kwa ugonjwa huu yakihesabika kwa vidole.

Kilichofanyika ndani ya kifua

Pafu la kulia lina lobu tatu, la kushoto lina mbili. Kwa miongo mingi tiba ya kawaida ya uvimbe uliowahiwa imekuwa kuondoa lobu nzima yenye uvimbe pamoja na tezi za limfu zinazoizunguka. Zamani hilo lilimaanisha mkato mrefu ubavuni na chuma cha kutanua mbavu. Chini ya kila ubavu hupita mshipa wa fahamu, na mbavu zikitanuliwa kwa nguvu mshipa huo huumia. Ndiyo maana wapo watu waliopona saratani lakini wakabaki na maumivu ya ubavu miezi mingi baadaye, wasiweze kulalia upande mmoja wala kuvumilia nguo ya kubana.

Miaka ya 1990 ikaleta kamera. Daktari hutoboa matundu machache kati ya mbavu, huingiza kamera na vifaa virefu vilivyonyooka, na kufanya kazi akitazama skrini. Mbavu hazitanuliwi. Kwa mgonjwa hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kwa daktari ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu vifaa havipindi ndani ya kifua, picha ni bapa, na mkono ukienda kushoto, ncha ya kifaa inakwenda kulia.

Roboti ilikuja kutatua shida hiyo ya daktari. Mpasuaji huketi pembeni, chumba kilekile, macho yake kwenye lenzi zinazoonyesha ndani ya kifua kwa kina na kwa ukubwa, vidole vyake vikiwa kwenye vishikio. Mashine huhamisha mwendo wa vidole hadi kwenye ncha ndogo zinazopinda kama kifundo cha mkono, na huchuja mtetemo. Haiamui kitu wala haijui uvimbe uko wapi. Njia iliyotumika katika RAVAL hutumia mikono minne kupitia matundu tu, njia ambayo Robert Cerfolio wa Alabama aliichapisha mwaka 2011 baada ya kuifanya kwa mfululizo wa wagonjwa wake.

Iwe roboti au kamera, kazi ya ndani ni ileile. Mtaalamu wa usingizi hulizimia hewa pafu moja ili lisinyae, mgonjwa apumue kwa lile jingine. Mpasuaji hutafuta vena ya lobu, ateri yake na mrija wake wa hewa, na kila kimoja hubanwa na kukatwa kwa kifaa kinachoshona na kukata kwa wakati mmoja. Lobu hutiwa kwenye mfuko ndani ya kifua ili seli za saratani zisimwagike njiani, kisha hutolewa. Tezi hukusanywa kutoka kila kituo chake na kupewa jina la kituo hicho. Mwisho mrija wa kutoa hewa na maji huachwa ubavuni.

Hatari kubwa iko kwenye ateri ya mapafu. Ina ukuta mwembamba na inabeba damu yote inayotoka upande wa kulia wa moyo. Ikichanika, kifua hujaa damu kwa muda mfupi mno. Kwenye roboti kuna jambo la ziada la kutisha: mpasuaji mkuu yuko mbali na mwili wa mgonjwa, hajavaa glavu safi, na mikono ya mashine imesimama katikati ya njia. Katika mashine nyingi zilizopo leo vidole vyake pia havihisi ukinzani wa nyama. Anategemea macho. Ni toleo jipya lililoidhinishwa Marekani mwaka 2024 ndilo lililoanza kurudisha hisia ya nguvu mkononi. Katika uchambuzi mmoja wa wagonjwa 1,810 waliokatwa mapafu kwa roboti kwenye vituo vyenye uzoefu, dharura kubwa za namna hii zilitokea kwa asilimia 1.9. Hiyo si idadi kubwa, na vituo hivyo vilikuwa vimejiandaa: nani anabana kwa pamba, nani anaondoa mikono ya mashine, nani anafungua kifua, nani anaita damu. Hospitali ambayo haijalifanyia zoezi jambo hilo haijawa tayari, hata kama mashine yake ni mpya.

Namba zenyewe

Watu 406 walichunguzwa. Waliogawanywa kwa kura ni 186. Baada ya mapitio ya mwisho ya vigezo walibaki 164 wa kuchambuliwa, 81 upande wa roboti na 83 upande wa kamera. Hapo msomaji makini asimame kidogo. Watu 22 waliondolewa baada ya kura, na kila unapoondoa mtu baada ya kura unaipunguzia kura nguvu yake ya kusawazisha makundi. Katika saratani ya mapafu hilo halikwepeki kirahisi, kwa sababu mara nyingi ukweli wa uvimbe hujulikana ukishatolewa, lakini lisisahaulike. Kwa upande mwingine, waliokamilisha ufuatiliaji wa miezi 12 ni 155, karibu asilimia 95, na hiyo ni nidhamu ya kusifiwa. Nusu ya wagonjwa walikuwa na umri wa miaka 68 au zaidi.

Kipimo kikuu hakikuwa dakika za upasuaji wala kiasi cha damu. Kilikuwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Aliulizwa mambo matano: anatembeaje, anajihudumiaje, anafanyaje shughuli zake za kila siku, ana maumivu kiasi gani, ana wasiwasi au huzuni kiasi gani. Majibu hugeuzwa kuwa alama moja, ambapo 1 ni afya kamili na 0 ni sawa na kifo. Na hapa ndipo kutomwambia mgonjwa alikoangukia kunapokuwa na maana. Anayejua kwamba alipasuliwa na mashine ya mamilioni anaweza kujibu kwa matumaini ya mashine badala ya hali ya mwili wake.

Wiki ya 12 wastani wa kundi la roboti ulikuwa 0.85, wa kundi la kamera 0.80. Tofauti hiyo ilipita kipimo cha kitakwimu, yaani si rahisi iwe bahati tu. Je, ni kubwa? Tukichukulia kwamba ilikuwepo tangu siku ya kwanza hadi wiki ya 12 bila kupungua, pengo la 0.05 kwa wiki 12 ni sawa na siku nne hivi za afya kamili. Kwa mtu wa miaka 68 aliyetoka kukatwa pafu, siku nne si kitu cha kudharau, ila hazifanani na ahadi zinazotolewa kwenye mabango. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu kuliko wauzaji. Hitimisho lao lilisema alama za afya za muda mfupi zinakaribiana, na kwamba roboti inastahili gharama yake.

Kuna namba nyingine iliyokaa pembeni ya wastani ambayo mimi naiona muhimu zaidi. Mtawanyiko wa alama upande wa roboti ulikuwa 0.10, upande wa kamera 0.19. Maana yake, wagonjwa wa roboti walifanana zaidi wao kwa wao, na upande wa kamera walikuwepo watu waliokuwa mbali zaidi na wastani. Huenda basi faida haikugawanyika sawa kwa kila mtu. Inawezekana wengi walipona vilevile kwa njia zote mbili, na roboti ikapunguza idadi ya wale wanaoumia sana. Kama ndivyo, swali la kufaa kuulizwa linahusu watu hao: ni akina nani, na je, wanaweza kutambuliwa kabla ya kupasuliwa? Hapo ndipo ningependa watafiti wanaofuata waelekeze nguvu zao.

Tezi kumi, tezi nane

Upande wa roboti tezi zilizochukuliwa zilikuwa 10 kwa mgonjwa aliye katikati ya orodha, upande wa kamera 8. Watu wengi hupita haraka hapa. Mimi naona ndipo penye uzito wa kisa kizima.

Saratani ya mapafu ikitoka kwenye uvimbe, njia yake ya kwanza mara nyingi ni tezi za limfu, kuanzia zile za shina la pafu hadi zile za katikati ya kifua. Kipimo cha picha kiitwacho PET huonyesha nyingi, lakini tezi yenye chembe chache za saratani hukipita. Ikiachwa bila kutolewa, mgonjwa huandikiwa hatua ya kwanza, huambiwa amepona, na kurudi nyumbani. Ikitolewa na kuonekana kwenye darubini, matibabu yanabadilika. Na siku hizi yanabadilika kwa kiasi kikubwa. Wagonjwa wenye mabadiliko ya jeni ya EGFR waliopewa dawa ya osimertinib baada ya upasuaji walikuwa hai kwa asilimia 88 baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 78 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, katika jaribio lililohusisha hatua ya IB hadi IIIA, yaani ya kwanza hadi ya tatu. Zipo pia dawa za kuamsha kinga ya mwili, kabla na baada ya upasuaji. Dawa hizi zinamfikia mgonjwa kwa kutegemea hatua ya ugonjwa iliyoandikwa kwenye cheti chake. Tezi iliyokosewa inaweza kumkosesha dawa.

Hata hivyo, kuhesabu tezi kuna mitego. Tezi moja ikivunjika vipande vitatu inaweza kuhesabiwa tatu. Mtaalamu wa maabara mwenye subira hupata tezi ndani ya lobu ambazo mwenzake hakuziona. Ndiyo maana viwango vya Marekani vya hospitali za saratani havidai idadi. Vinadai vituo: angalau tezi moja kutoka shina la pafu na kutoka vituo vitatu tofauti vya katikati ya kifua. Kiwango hicho kinafikiwa kwa kamera, na kinafikiwa hata kwa kifua kilichofunguliwa, ikiwa mpasuaji amejiwekea sheria ya kutotoka kabla hajavimaliza. Roboti hurahisisha kufika pembe ngumu, kwa mfano chini ya mahali bomba kuu la hewa linapogawanyika. Kuamua kufika huko ni kazi ya mtu.

Gharama, na kwa nini Shanghai ilisema kingine

RAVAL ilihesabu kwamba kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili ulioongezwa na roboti, ukilinganisha na kamera, uligharimu dola 14,926 zaidi, na kwa kuzingatia makosa ya makadirio, kati ya dola 6,844 na 23,008. Kiwango kinachotajwa sana Canada kama mpaka wa kukubali teknolojia ni dola 50,000. Kwa hesabu hiyo roboti imepita kwa nafasi nzuri.

Sasa tuweke kando yake jaribio la Hospitali ya Ruijin, Shanghai, lililofanyika kati ya 2017 na 2020 kwa wagonjwa 320 na kuchapishwa katika jarida lilelile. Matatizo baada ya upasuaji hayakutofautiana kwa maana ya kitakwimu. Tezi zilikuwa 11 kwa roboti na 10 kwa kamera. Lakini gharama ya kulazwa ilikuwa dola za Marekani 12,821 kwa roboti dhidi ya 8,009 kwa kamera, yaani ongezeko la asilimia 60. Majaribio mawili yamepata matokeo ya kitabibu yanayokaribiana na hukumu za fedha zisizokaribiana.

Sehemu ya maelezo ni kwamba yaliuliza maswali tofauti. Shanghai ilisoma bili ya hospitali. RAVAL ilifuatilia gharama za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja kwa mwaka mzima, kisha ikazigawa kwa afya iliyopatikana. Mgao wa namna hiyo una tabia yake: ongezeko dogo la gharama likigawanywa kwa ongezeko dogo la afya huzaa uwiano unaovutia, na uwiano peke yake hausemi ongezeko la afya lilikuwa dogo kiasi gani.

Sehemu nyingine ni wingi wa kazi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mashine ya dola milioni 2 inayodumu miaka kumi. Ikifanya upasuaji 400 kwa mwaka, kila mgonjwa anabeba dola 500 za bei yake. Ikifanya 50, kila mmoja anabeba 4,000, kabla ya mkataba wa matengenezo ambao hulipwa mashine ikifanya kazi au ikilala. Vifaa vya ncha navyo vina idadi ya matumizi iliyowekwa na mtengenezaji, na kikifika mwisho mashine hukikataa hata kama kinaonekana kizima. Hospitali ya Hamilton au Shanghai ina msururu wa wagonjwa wa kuijaza mashine. Hospitali isiyo na msururu huo hainunui matokeo ya RAVAL hata ikinunua mashine ileile, na wapasuaji wake nao hawapati mazoezi ya kutosha kuwa salama.

Kile ambacho jaribio halikuweza kujibu

Miezi 12 haisemi lolote la uhakika kuhusu kuishi miaka mitano, na mgonjwa wa saratani anauliza hilo kwanza. Wapo watakaosema kwamba upasuaji ukiwa na matundu madogo na tezi nyingi, maisha marefu yatafuata yenyewe. Tuliwahi kuamini hivyo kuhusu saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2018 jaribio la kura lenye wanawake 631 lilionyesha kwamba waliopasuliwa kwa matundu madogo, pamoja na roboti, walikaa bila ugonjwa kurudi kwa asilimia 86.0 baada ya miaka minne na nusu, dhidi ya asilimia 96.5 ya waliofunguliwa tumbo. Madaktari wengi hawakulitarajia. Februari 2019 mamlaka ya Marekani ikatoa tahadhari kwamba usalama na ufanisi wa roboti katika kuzuia au kutibu saratani haujathibitishwa. Pafu si mlango wa kizazi, na hakuna jaribio la kura lililoonyesha madhara ya namna hiyo kwa pafu. Lakini kisa cha wanawake wale ndicho sababu ya kukataa kukisia juu ya maisha ya watu.

Tena, wakati RAVAL ikiendelea, msingi wake ulianza kusogea. Jaribio lilihusu kuondoa lobu nzima. Mwaka 2022 Wajapani walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,106 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2: waliokatwa sehemu tu ya lobu walikuwa hai kwa asilimia 94.3 baada ya miaka mitano, na waliotolewa lobu nzima kwa asilimia 91.1. Mwaka uliofuata jaribio la Amerika Kaskazini lenye wagonjwa 697 likaonyesha kwamba kukata kidogo si duni kuliko kukata lobu. Kwa uvimbe mdogo, basi, kazi inaelekea kwenye mikato midogo iliyofichika zaidi, ambako mpaka kati ya sehemu moja na nyingine hauonekani kwa macho. Huko roboti ina chombo kizuri: rangi ya kijani hudungwa kwenye damu, sehemu ambayo ateri yake imekatwa inabaki nyeusi chini ya mwanga maalumu, na mpaka unajichora. Nadhani hapo ndipo mashine hii itathibitisha thamani yake kwa mapafu, kama itaithibitisha.

Kinacholinganishwa na nini

Jambo linalonikera katika mjadala huu ni kuchanganya vilinganishi. Hospitali nyingi za Marekani ziliruka kutoka kifua kilichofunguliwa hadi roboti, kwa sababu kamera ya kawaida iliwashinda wapasuaji wengi. Ukilinganisha roboti na kifua kilichofunguliwa, faida kwa mgonjwa ni kubwa na inaonekana. Ukiilinganisha na kamera mikononi mwa mtu anayeijua, unapata RAVAL: siku kadhaa za nafuu, tezi mbili zaidi. Sehemu kubwa ya nafuu inatokana na kuacha kutanua mbavu, na hilo kamera ililifanya mapema. Jaribio la Uingereza lililoitwa VIOLET, wagonjwa 503 katika hospitali tisa, lilionyesha kwamba waliopasuliwa kwa kamera walikuwa na uwezo bora wa mwili wiki ya tano kuliko waliofunguliwa kifua, bila kuathiri ubora wa upasuaji wa saratani kwa vipimo vya muda ule.

Kwa Afrika Mashariki tofauti hiyo inabeba maamuzi ya miaka mingi. Tanzania na Kenya zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mtu akikohoa kwa wiki nyingi, akakonda na kutema damu, anaanzishiwa vidonge vya TB, wakati mwingine bila vimelea kuonekana kwenye makohozi, na miezi inapita. Anapofika kwa daktari wa saratani uvimbe umekwisha kupita hatua ya kukatwa kwa njia yoyote ile. Wagonjwa wote 164 wa RAVAL walikuwa na kitu ambacho wengi wetu hatukipati: waligunduliwa mapema. Marekani ilithibitisha mwaka 2011, kwa watu 53,454 waliovuta sana sigara, kwamba kuwapima kwa picha za CT za mionzi midogo kulipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Hakuna chombo chochote cha upasuaji kilicholeta faida ya namna hiyo.

Simaanishi kwamba roboti isubiri hadi kila kitu kikamilike. Mwaka 2023 Kigali ilizindua kituo cha IRCAD Africa, tawi la taasisi ya Strasbourg iliyoanzishwa na Jacques Marescaux, mpasuaji ambaye mwaka 2001 alitoa kibofu cha nyongo cha mgonjwa aliyekuwa Strasbourg yeye akiwa New York, kwa kutumia roboti. Vijana wetu wa upasuaji sasa wanaweza kujifunza njia za matundu madogo bila kuvuka bahari. Anayemudu kamera na anayejua vituo vya tezi kwa moyo atahamia kwenye roboti na mazoea yake yote. Nchi inayowekeza kwa watu hao kwanza, pamoja na maabara za kusoma tezi na jeni, inajenga kitu ambacho mashine ikija itakikuta.

Kwa familia zinazompeleka mgonjwa India, au kwingineko, na kupewa bei mbili, ya kamera na ya roboti, kisa hiki kinatoa maswali ya kuuliza kabla ya kulipa. Mpasuaji huyu, yeye mwenyewe na si hospitali yake, amekata mapafu mangapi kwa njia anayoipendekeza? Damu ikitoka ghafla, nani yuko kando ya mgonjwa na anaweza kufungua kifua? Uvimbe una ukubwa gani, na je, unahitaji lobu nzima? Ikiwa anapendekeza kamera aliyoizoea, na majibu yanaridhisha, tofauti ya bei inaweza kutumika vizuri zaidi kwa kipimo cha jeni au kwa safari ya kurudi kuangaliwa. Na kabla ya kupanda ndege kurudi nyumbani, waombe ripoti ya maabara iliyoandikwa, inayotaja tezi zilitoka vituo vipi na kila kituo kilikutwa na nini, kwa sababu daktari wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura atakayeendelea na mgonjwa huyo ataamua juu ya dawa kwa kuisoma karatasi hiyo.